Kisu chako cha kwanza: kutia mpini, kupiga tupa au kufua?

Ukishaamua kutengeneza kisu kwa mkono wako, kwa kujifurahisha tu na si kwa biashara, unakuta njia tatu mbele yako. Ya kwanza ni kuchukua bapa, yaani sehemu ya chuma ya kisu, lililokwisha kutengenezwa na kulitia mpini. Ya pili ni kuchukua kipande cha chuma, kukikata umbo la kisu, kisha kukipunguza kwa tupa na msasa, pengine na grenda, hadi kishike makali. Ya tatu ni uhunzi wenyewe: moto, nyundo na fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake.

Ubishi kuhusu njia ipi ndiyo halisi umewavunja moyo wengi kabla hawajashika tupa. Anayefua humwona anayekata kwa grenda kuwa mvivu, na anayekata kwa grenda humwona anayetia mpini tu kuwa bado hajaanza. Sikubaliani na ubishi huo. Kisu kizuri hujulikana jikoni na shambani: kinakata, makali yanadumu, hakivunjiki, na mpini hauchezi. Njia zote tatu hufika huko. Zinatofautiana katika mahali unapoishi, pesa uliyonayo, na hasa ni sehemu gani ya kazi ungependa kuijua kwa undani.

## Vigezo

Nitaziweka njia zote kwenye mizani moja ya mambo matano. Mahali: unahitaji nafasi kiasi gani, na majirani watavumilia nini. Vifaa na muda: utanunua nini, na kisu cha kwanza kitakamilika lini. Chuma na ugumu wake: nani anakitia chuma ugumu, wewe au mwingine. Hatari: nini kinaweza kukuumiza. Mwisho, inamfaa nani.

Kigezo cha chuma kinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndicho kinachowapotosha wengi. Chuma hushika makali kwa sababu ya kaboni iliyomo. Chuma laini cha kuchomelea mageti na madirisha kwa kawaida kina kaboni chini ya asilimia 0.25, nacho hata ukikipasha moto na kukizamisha mara ngapi, hakitakuwa kisu. Nondo za ujenzi ziache vilevile. Springi za gari kwa kawaida huwa na kaboni ya kutosha, karibu asilimia 0.6, na tupa nzuri za zamani huzidi hapo. Anayeweza kuagiza chuma kipya kinachojulikana hufanya vyema kuanza na aina iitwayo 1084, chenye kaboni kati ya asilimia 0.80 na 0.93, kwa kuwa kinamsamehe mgeni makosa mengi.

Kuwa na kaboni peke yake hakutoshi. Chuma hupashwa moto hadi kiwe chekundu cha kung'aa, kisha huzamishwa kwenye mafuta ili kipoe ghafla. Hapo kinakuwa kigumu sana na chepesi kuvunjika, kwa hiyo hupashwa tena, safari hii kwa moto mdogo wa nyuzi 200 hivi, ili kipunguze ukavu kibaki na ugumu. Kisu kilichorukwa hatua hizi ni pambo.

## Njia ya kwanza: kutia mpini

Mahali. Meza moja inatosha, iwe ya jikoni kwenye ghorofa ya nne. Kelele ni ya msumeno mdogo na msasa. Vumbi la mbao ndilo la kuangalia, kwa hiyo kaa kwenye baraza au karibu na dirisha.

Vifaa na muda. Bapa unaweza kuliagiza kwa njia ya mtandao, lakini kila nyumba ina kisu kilichovunjika mpini, na hicho ndicho bora kuanzia. Juu yake unahitaji msumeno, drili, tupa ya mbao, misasa ya namba tofauti, gundi ya epoksi na ribiti, yaani vipini vya chuma vya kukazia mpini. Ribiti za shaba hupendeza, ingawa msumari wa inchi 4 uliokatwa kichwa hushika vizuri tu. Kazi ni ya mwisho wa juma mmoja, na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri gundi. Tumia ile inayokauka taratibu, ya saa 24; ile ya dakika 5 ni dhaifu zaidi.

Chuma na ugumu wake. Kiwanda kimekwisha kukutilia. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini inakuja na sharti: bapa lisipate moto. Likigeuka rangi ya buluu popote karibu na makali, sehemu hiyo imekwisha kulegea. Sharti la pili huonekana pale msuka, yaani mkia wa bapa unaoshikwa na mpini, unapohitaji tundu. Chuma kilichotiwa ugumu hula biti za kawaida za drili bila hata kukwaruzika. Tumia matundu ya zamani yaliyopo, na panga mpini wako kuyafuata.

Mbao ndiyo starehe ya njia hii, na Afrika Mashariki hatuna upungufu. Mninga hukatika vizuri na haupindi ovyo. Mpingo ni mzito, mweusi, na ukisuguliwa kwa msasa mwembamba hung'aa bila rangi wala vanishi. Vipande vidogo vilivyobaki kwa wachonga vinyago hutosha mpini mzima. Lakini nunua kwa mtu anayeweza kuonyesha mti ulikotoka, kwani jenasi ya mpingo imo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuvusha mipaka kunaweza kuhitaji vibali. Pembe ya ng'ombe nayo ni nzuri, ila inanuka vibaya unapoisugua.

Hatari. Ndogo, lakini zipo. Funga makali kwa tepu nene tangu mwanzo hadi mwisho, maana majeraha mengi ya kazi hii hutokea mpini ukiwa unasuguliwa na bapa liko wazi. Vumbi la mpingo huwasha macho na koo, vaa barakoa. Ukipaka mpini mafuta ya kitani, usiache kitambaa chake kimekunjwa pembeni, kwani kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze kikauke nje.

Inamfaa nani. Anayeishi ghorofani, anayetaka zawadi iwe tayari kwa Iddi au Krismasi, mzazi anayetaka kufanya kazi na kijana wake, na fundi seremala ambaye tayari anapenda mbao. Haimfai anayewaka hamu ya kukijua chuma. Huyo atachoka baada ya mpini wa pili.

## Njia ya pili: kukata na kupiga tupa

Mahali. Ukitumia tupa peke yake, chumba cha ziada au kona ya uani inatosha, na jirani hatasikia zaidi ya mkwaruzo. Ukileta grenda, mambo hubadilika: kelele, cheche na vumbi la chuma vinataka uwanja, na saa za mchana.

Vifaa na muda. Kiini ni jiliwa, kifaa cha kubania chuma, lililofungwa imara kwenye meza isiyotikisika. Bila jiliwa, tupa haina kazi. Kisha tupa mbili nzuri, moja pana ya kukwangua na moja laini ya kumalizia, msumeno wa chuma, drili na msasa. Nunua tupa mpya za ubora. Zile butu za bei rahisi ndizo zinazowafanya watu waseme kazi hii haiwezekani kwa mkono. Kwa tupa peke yake, kisu kidogo cha kumenyea huchukua jioni nyingi. Kwa grenda, kukata umbo ni dakika chache, ila kuharibu nako ni dakika chache.

Mstari wa makali unastahili uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Paka ukingo wa chuma rangi ya kalamu ya wino mzito. Chukua biti ya drili yenye unene sawa na chuma chako, ilaze mezani kando ya chuma kilicholazwa, kisha kwaruza ukingo mzima kwa ncha yake. Geuza chuma upande wa pili, kwaruza tena. Utapata mistari miwili iliyokaribiana sana katikati, na kazi yako yote ni kushusha bapa kila upande hadi kufika hapo. Usimalize hadi kwenye makali kabla ya moto: acha unene wa milimita 1 hivi. Ukingo mwembamba kuliko hapo hupinda au kupasuka kwenye mafuta.

Chuma na ugumu wake. Una uamuzi wa kufanya hapa, na wengi hawajui kama wanao. Uamuzi wa kwanza ni kuuepuka moto kabisa. Panga kuukuu ni chuma kilichokwisha kutiwa ugumu wa wastani. Ndiyo maana mkulima hulinoa kwa tupa shambani. Likate kidogokidogo, lichovye majini kila linapopata joto, nawe unapata kisu chembamba cha jikoni kinachofanya kazi siku hiyohiyo. Makali yake hayatadumu kama ya chuma kigumu zaidi, ila kuyarudisha ni kazi ya dakika moja.

Uamuzi wa pili ni kukitia ugumu mwenyewe. Jiko la mkaa lenye kipulizio hutosha kwa bapa fupi. Subiri jioni au fanyia kivulini, kwa sababu rangi ya chuma juani inadanganya. Weka sumaku pembeni. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku huacha kukivuta. Ongeza moto kidogo tu kupita hapo. Ukitazama kwa makini utaona kivuli cheusi kikitembea ndani ya wekundu, kisha kikitoweka, na chuma chote kinakuwa rangi moja. Wakati huohuo kiingize kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ncha ikitangulia, bila kukiyumbisha upande kwa upande. Moshi utapanda, pengine na mwali. Kikipoa, pitisha tupa juu ya ukingo: ikiteleza kama juu ya kioo, umefanikiwa, ikiuma, rudia. Baada ya hapo kisugue king'ae na kukiweka kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa 2, mara mbili. Rangi ya majani makavu itakuambia kimefika.

Kama chuma chako hujui kilikotoka, usikitengeneze kisu kabla ya kukipima. Kata kipande cha kidole kimoja, kipashe, kizamishe, kisha kibane kwenye jiliwa na kukigonga nyundo. Kikikatika tii, kina kaboni. Kikipinda, kirudishe kwenye chakavu.

Hatari. Grenda ndiyo inayoongoza. Kinga yake isitolewe kamwe, hata kama fundi wa jirani hutoa. Diski iliyopasuka ni risasi. Vaa miwani, funga nywele na nguo zinazoning'inia, shika kwa mikono miwili. Kwa mafuta, tumia chombo cha chuma, si cha plastiki, na mfuniko wake uwe karibu: mwali huzimwa kwa kufunikwa, na maji yasimwagwe juu ya mafuta yanayowaka. Oili chafu ya gari iache, moshi wake ni sumu.

Inamfaa nani. Mwenye subira na jicho la vipimo. Anayependa kuchora kisu kwenye karatasi kwanza na kukiona kikitoka vilevile. Pia anayetaka kuelewa ugumu wa chuma bila kujenga karakana. Haimfai anayechukia kurudia mwendo mmoja kwa saa nzima.

## Njia ya tatu: kufua

Njia hii ina mizizi hapa kwetu kuliko zote. Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma kwenye tanuri za udongo, na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba mafundi wa eneo hilo walitengeneza chuma chenye kaboni miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Huko Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Wafipa walijenga tanuri ndefu kuliko mtu. Anayeanza kufua leo hapaswi kudhani anaanzisha jambo jipya, na faida yake ni kwamba walimu bado wapo.

Mahali. Uwanja wa wazi wenye paa la kivuli na sakafu ya udongo au saruji. Chumba kilichofungwa ni marufuku. Nyundo juu ya chuma husikika mbali, kwa hiyo mtaa wenye nyumba zilizobanana utakugombanisha na watu.

Vifaa na muda. Tanuri la kwanza linaweza kuwa rimu kuukuu la gari lililokandikwa udongo, bomba la chuma, na mvukuto au kipulizio cha umeme. Nyundo ya kilo 1 hadi 1.5 hutosha, nzito zaidi huchosha mkono na kuharibu umbo. Fuawe huwatisha wengi bila sababu. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kikizamishwa kwenye gogo zito, ni fuawe la kutosha kwa kisu. Kipande cha reli husifiwa sana, lakini reli ni mali ya umma na nyingi zinazouzwa mitaani zimeng'olewa. Usinunue usiyojua ilikotoka. Koleo zinunue zilizofuliwa na mhunzi, ukimwonyesha unene wa chuma chako, maana koleo isiyobana vizuri hurusha chuma chekundu.

Muda wa kisu cha kwanza ni mgumu kutabiri. Mkono unahitaji kujifunza kwanza kunyoosha, kuvuta ncha na kushusha ukingo, na chuma cha kufanyia mazoezi kitaungua.

Chuma na ugumu wake. Springi ya gari inafaa sana hapa, na sababu ni unene wake. Majani ya springi huwa na milimita 6 hadi 10, ilhali kisu cha jikoni kinataka 2 au 3. Kuondoa tofauti hiyo kwa tupa ni adhabu. Kuisukuma kwa nyundo ndiyo kazi yenyewe. Chagua springi isiyochoka, kwa sababu iliyovunjika ikiwa garini inaweza kuwa na nyufa usizoziona, nazo zitajitokeza kwenye mafuta. Fua chuma kikiwa cha rangi ya machungwa, na kirudishe motoni kinapoelekea wekundu wa giza. Kukipiga kikiwa kimepoa hukipasua kwa ndani. Kikianza kutoa cheche kama fataki ndani ya mkaa, kimeungua. Kata sehemu hiyo uitupe.

Ukimaliza kufua, usikimbilie mafuta. Pasha hadi sumaku iachie, kiache kipoe hewani, rudia mara tatu. Hatua hii hutuliza mivutano ambayo nyundo imeiacha ndani, na bila hiyo bapa hupinda. Kutia ugumu na oveni hufuata vilevile kama njia ya pili. Tupa nayo utaihitaji, kwani hakuna kisu kinachotoka kwenye fuawe kikiwa kimekamilika.

Hatari. Moto, cheche, na chuma kilichokwisha kuwa cheusi lakini bado kinachoma. Hicho ndicho kinachounguza mikono mingi zaidi. Vaa viatu vya ngozi na nguo za pamba, si za nailoni. Hewa ya mkaa huua kimyakimya mahali pasipopitisha upepo. Na chuma chochote chenye koti la zinki, kama bomba la maji, kisiingie motoni, kwani moshi wake huleta homa kali.

Inamfaa nani. Mwenye uwanja, nguvu na hamu ya moto wenyewe. Anayependa kisu kisichofanana na kingine. Na aliye karibu na mhunzi anayekubali kumfundisha, kuanzia Gikomba hadi kijijini.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Ukiwa ghorofani Sinza au Kilimani na huna uwanja, anza na mpini. Ukipata hamu zaidi, nunua jiliwa na uhamie kwenye panga kuukuu kwa tupa. Hutahitaji moto wala kumwomba mtu ruhusa.

Ukiwa na pesa kidogo sana lakini muda mwingi, njia ya pili kwa tupa ndiyo inayokupa kingi zaidi. Jiliwa na tupa mbili nzuri hutumika kwa mambo mengine nyumbani hata ukiacha visu.

Ukiwa fundi wa kuchomelea mwenye grenda tayari, usidhani umekwisha kufika. Mkono wako unajua kukata chuma laini, lakini hujui bado kutia ugumu. Fanya kipimo cha kipande kidogo mara kadhaa kwa chuma tofauti kabla ya kutengeneza bapa zima.

Ukiwa na moyo wa kufua lakini huna hakika, usijenge tanuri bado. Nenda kwa mhunzi, mwamkie, mwambie unataka kujifunza, na umlipe siku yake kwa kuwa muda wake ni riziki yake. Atakupa mvukuto kwanza. Usikatae, kwa sababu hapo ndipo utakapojifunza rangi za chuma, na mwisho wa siku utajua kama joto lile unaliweza.

Ukitaka kisu cha kutumia jikoni kila siku na hujali kilitokaje, unganisha njia: mwombe mhunzi akufulie bapa la springi na kulitia ugumu, kisha mpini utie mwenyewe. Mwambie unataka bapa lenye unene wa milimita 2 na nusu mgongoni na msuka wenye matundu mawili yaliyotobolewa kabla hajalitia ugumu, maana baadaye drili yako haitaingia.